Maboksi Matatu ya Mawaridi na Kikuba cha Mama Mkwe

Wenzangu, leo nimeanikwa. Nimeanikwa kama dagaa, mchana kweupe, juu ya sinia jeupe, na kuanikwa kwangu kumeandikwa kwenye fomu na kupigwa muhuri. Naandika nikiwa bado na nguo za harusi, maana nikingoja hadi kesho nitaanza kujipendelea.

Nianze mwanzo. (Mnanijua. Sipendi habari inayoanzia katikati.)

Kwa asiyenijua, mimi ni Rukia, nauza maua mtaa wa Hurumzi, hapa kisiwani, mlango wa kijani, ndoo sita nje. Mawaridi yangu hutoka Arusha. Hupanda ndege hadi Dar es Salaam, kisha hupanda boti kama sisi sote. Zamani nilikuwa nafika bandarini, natia saini, nabeba mzigo, naondoka. Sasa kuna ukaguzi mpya. Kila ua, kila mche, kila jani linaloingia kisiwani linafunguliwa na kutazamwa. Sharti uwe na cheti cha afya ya mimea kutoka lilikotoka. Sharti uwe na kibali. Na akionekana mdudu hai, hata mmoja, boksi linawekwa kando. Boksi la maua likiwekwa kando kwa joto la bandari ya Malindi, jioni unachukua kachumbari.

Mwezi uliopita yalinikuta. Mkulima wangu alisahau cheti, mzigo ukazuiwa, nami nikampamba bi harusi wa watu kwa majani ya mgomba na maua ya plastiki. Mama yake alisimama mlangoni mwa ukumbi, akatazama, akaniuliza kwa upole kabisa: "Bi Rukia, hiki ni kiti cha bi harusi au kibanda cha mkaa?"

Siku tatu sikufungua duka. Siku ya nne nilifungua, lakini nilishajiapia: mzigo mwingine ukizuiwa, nafunga. Miaka kumi na miwili ya maua, basi. Nagawa ndoo, narudi kushona mashuka.

Na mzigo wenyewe ni wa leo. Harusi ya Salma, mwalimu wa skuli huko Amani. Alikuja dukani mwenyewe, akanusa ndoo zote sita, akasema: "Bi Rukia, mie sina makuu. Nataka mawaridi meupe, ya kweli. Wanafunzi wangu watakuja, na watoto wale wakiona ua lazima walinuse. Wasije wakanusa plastiki siku ya harusi yangu."

Nikamwambia, "Utayapata, mwanangu." (Nani alinituma?)

Basi leo alfajiri nikapanga jalada langu. Cheti, kibali, barua ya mkulima, nakala mbili za kila kimoja, kila kimoja na rangi yake. Nikavaa nguo za harusi kabisa, kwa sababu kutoka bandarini ningepitiliza ukumbini. Nikawa nimeshika kitasa cha mlango.

"Rukia!"

"Naam, mama."

"Njoo nikubandike."

Huyo ni Bi Zeyana, mama mkwe wangu, tunakaa naye. Uani ana mwasumini, ana mkilua, ana rihani, na kila harusi hunifungia kikuba: kishada cha asumini, vilua na rihani, kimezungushwa uzi, hubandikwa kifuani kwa pini ndani ya nguo ili mwanamke anukie mpaka harusi iishe. Kikuba cha Bi Zeyana hakikataliwi. Wala hakivuliwi kabla ya wakati. Kukivua ni sawa na kumwambia mtu mchuzi wake hauna chumvi.

Nikajaribu. "Mama, mie kwanza nakwenda bandarini. Nikipita tena..."

"Bandarini hakuna watu? Watu hao hawana pua?"

Nikabandikwa. Kikubwa kama andazi. Kilikuwa bado na umande, kwa kuwa Bi Zeyana huchuma gizagiza na hakung'uti hata siku moja. "Ukikung'uta asumini umekung'uta harufu." Nimelisikia neno hilo tangu nilipoingia nyumba ile. (Liwekeni mahali. Litarudi.)

Njiani nikahisi mtekenyo kifuani. Nikasema, huu wasiwasi. Nilipofika Malindi mtekenyo ulikuwa umeshuka ubavuni. Nikasema, huu wasiwasi mkubwa.

Chumba cha ukaguzi si kikubwa. Kuna meza ndefu, taa kali, sinia jeupe, na mkaguzi mwenyewe: binti mpole, glavu mikononi, lenzi shingoni, jina kifuani Thuwaiba. Huchukua mashina machache ya maua, huyagonga juu ya sinia, tak, tak, kisha hutazama kilichoanguka. Hakuna zaidi ya hapo.

Aliyenitangulia alikuwa mzee wa Matemwe, Mzee Haji, na gunia la miche minne ya michungwa aliyotoka nayo bara kumpelekea binti yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lo, unanukia, mwanangu! Unaolewa?"

"Nishaolewa, mzee. Nakwenda kupamba."

"Basi mumeo ana bahati. Mie nanukia samadi."

Nikatoa daftari. Nikaandika: saa tatu na robo, watu saba wanangoja. Tukaanza kulalamika kidogo kidogo, kama foleni zote zinavyofanya. Tatizo ni kwamba mimi nikipata wasikilizaji siwezi kukaa kitako.

"Jamani," nikasema, nimesimama, "huu ukaguzi unatuonea sisi tunaofuata utaratibu. Maua yangu yametoka shamba safi. Yamelala chumba cha baridi. Hayajaonja hata vumbi. Kama kisiwa hiki kina wadudu, basi mimi siye ninayewaleta!"

Wakaitikia. Mtu mmoja akapiga makofi. (Laiti ningekaa pale pale.)

Zamu ya Mzee Haji ikafika. Miche yake ilikuwa na udongo mizizini, na udongoni mlikuwa na sisimizi wawili. Thuwaiba akamwambia kwa adabu akaoshe mizizi bombani, kisha arudi. Mzee akaanza kukusanya miche yake bila neno. Mimi ndiye niliyekuwa na neno.

"Ndiyo haya, mzee. Mmoja analeta wadudu, tunateseka sote."

"Nisamehe, mwanangu," akasema.

Mzee mzima. Ananiomba radhi mimi. Nami nikaipokea, kwa kuinamisha kichwa kidogo kama kadhi.

Zamu yangu. Boksi la kwanza nilisimama mbali, karibu na mlango, mikono nyuma. Thuwaiba akachomoa mashina, akagonga. Tak, tak. Sinia jeupe, jeupe, jeupe.

"Safi," akasema.

Nikaandika SAFI kwa herufi kubwa, nikatia mstari chini. Hapo kichwa kikavimba. Boksi la pili lilipofunguliwa sikuweza tena kusimama mlangoni. Nikasogea, nikainama juu ya meza nimwonyeshe binti wa watu kazi nzuri ya Arusha.

"Tazama mikato hii, mwanangu! Tazama weupe huu! Unaona hata doa?"

Tak.

Sisimizi mmoja, katikati ya sinia. Akasimama. Akatembea.



"Huyo si wangu," nikasema.

"Yumo kwenye sinia lako, Bi Rukia."

"Ni wa Mzee Haji! Si alikuwa hapa hapa? Wake wamebaki mezani!"

Kutoka bombani ikaja sauti: "Wangu walikuwa wawili, mwanangu, na wote wameshakufa maji."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilitaka haki yangu. Nikadai meza ifutwe. Ikafutwa kwa spiriti. Nikadai sinia libadilishwe. Likabadilishwa. Nikadai mzee asogezwe mbali, na jamani, mzee akasogezwa, akatoka nje juani na miche yake inayochuruzika maji, akasimama dirishani. Nikasema sasa tuanze upya. Na safari hii nikainama karibu zaidi, mikono nimetandaza kama kuku na vifaranga, nilinde mawaridi yangu dhidi ya sisimizi wa Matemwe.

Tak, tak.

Sisimizi watatu. Na nyuma yao, taratibu, kama mgeni rasmi anayeteremka kwenye ndege, kiwavi wa kijani.

Thuwaiba akaweka shina chini. "Boksi hili litakaa kando, Bi Rukia. Nitafungua la tatu. Nalo likiwa hivi, sina budi kuuzuia mzigo wote."

Ilikuwa saa nne na nusu. Simu ikalia. Salma.

"Bi Rukia, yamefika?"

"Yapo hapa mbele yangu, mwanangu."

(Sikusema uongo. Yalikuwa mbele yangu. Na mbele yake alikuwapo kiwavi.)

"Alhamdulillahi! Nimeshawaambia wanafunzi. Mmoja kaniuliza kama anaweza kuja na ndugu yake."

Nikakata simu, nikakaa kwenye benchi. Sitaki kuwachekesha hapa. Nililia kidogo, kwa ncha ya mtandio. Nilianza kuzigawa ndoo zangu kichwani: mbili kwa jirani muuza juisi, moja kwa dada, ya buluu nibaki nayo ukumbusho. Na mtekenyo nao haukunionea huruma. Ulikuwa umefika mgongoni.

Thuwaiba hakufungua boksi la tatu. Alikuwa amemwinamia kiwavi na lenzi yake, kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Bi Rukia. Mzigo wako una asumini?"

"Hauna. Mawaridi matupu."

"Ajabu. Mdudu huyu namfahamu. Uani kwetu anatafuna mwasumini mpaka mama analia. Kwenye waridi sijapata kumwona." Akagusa maua kwa mgongo wa kidole. "Halafu, maua yako bado yana baridi. Aliyesafiri humu angekuwa amezubaa. Huyu anatembea kama mtu aliyetoka kunywa chai."

Akatazama sinia. Akatazama boksi. Akanitazama mimi.

"Boksi la kwanza ulisimama wapi?"

"Pale mlangoni," nikasema. "Nimeandika."

"Na la pili?"

Nikafungua daftari, kana kwamba jibu limo. "La pili nili... niliinama."

"Hebu rudi mlangoni, tafadhali."

Nikarudi. Akachomoa mashina mengine kutoka boksi la pili, mengi kuliko mwanzo. Tak, tak, tak. Hakuna kitu. Akafungua boksi la tatu. Tak, tak, tak. Hakuna kitu. Foleni yote ilikuwa imesogea. Mzee Haji alikuwa ameegemea dirisha kwa viwiko viwili, kama mtu aliyepata kiti cha mbele.

"Sasa njoo," akasema Thuwaiba, "inama hapa."

"Juu ya maua?"

"Juu ya sinia. Tupu."

Nikainama juu ya sinia tupu. Wenzangu, hakugonga kitu. Hakukuwa na haja. Sisimizi wa kwanza alianguka mwenyewe. Wa pili akafuata. Wa tatu na wa nne wakaja pamoja, kama wanaotoka nyumba moja.

Binti wa watu akashusha sauti. "Bi Rukia, umebandika kikuba?"

Kushusha sauti hakukusaidia.  Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Yarabi!" Na hapo foleni ikapasuka. Mtu alicheka mpaka akashika ukuta. Yule aliyenipigia makofi mwanzo akapiga tena, safari hii kwa moyo zaidi.

Thuwaiba akanipeleka nyuma ya pazia. Nikafungua pini. Kikuba kikawekwa juu ya sinia jeupe, kikakung'utwa, kwa mara ya kwanza katika historia ya vikuba vya nyumba yetu. Sisimizi kumi na mmoja. Kiwavi wa pili, mdogo wake yule wa kwanza. Na konokono, kama punje ya mtama, na nyumba yake. Konokono! Nimepita mjini na konokono kifuani tangu saa kumi na mbili, nikiwatolea watu hotuba ya usafi.

"Lazima niandike," akasema Thuwaiba. "Mdudu akionekana, fomu inajazwa."

Fomu ina sehemu ya kuonyesha mdudu alikotoka.

"Andika haijulikani," nikamwomba.

"Inajulikana, Bi Rukia."

Akaandika: *Mwenye mzigo, upande wa kushoto.*

Fomu inataka shahidi. Aliyekuwa karibu alikuwa Mzee Haji. Mzee hakuja na miwani, ikabidi asomewe kwa sauti. Akasema hakusikia vizuri. Akasomewa tena.

"Na hao wadudu mtawafanyaje?" mtu akauliza kutoka kwenye foleni. "Wana cheti?"

"Hawa ni wenyeji," akajibu Thuwaiba, bila hata kutabasamu. "Hawahitaji cheti."

Nikamwendea Mzee Haji. Hilo halikuwa na njia ya mkato. "Mzee, nisamehe. Nilikusingizia, nikakutoa juani, mbele ya watu."

"Nshakusamehe zamani," akasema. "Lakini mwanangu, wangu walikuja kwa gunia. Wako walikuja kwa heshima zao."

Kisha akanishikia boksi moja mpaka mlangoni, na miche yake, mizizi myeupe kama figili, ikapitishwa nyuma yangu.

Maboksi yote matatu yalipigwa muhuri saa tano na robo. Nikiwa natia saini nilifikiri jambo moja, nalo nimeliandika daftarini ili nisilisahau. Mwezi mzima nimekuwa nikisema ukaguzi ule umewekwa kunifungia duka. Leo binti yule alikuwa na haki yote ya kunizuilia mzigo kwa kiwavi mmoja, aendelee na kazi. Badala yake aliuliza kiwavi ametoka wapi. Angekuwa na haraka kama nilivyotaka mimi, sasa hivi ningekuwa nafunga ndoo.

Nilipogeuka kuondoka akaniita. Alikuwa ameweka kikuba, kimekwisha kung'utwa na kutazamwa kila jani, ndani ya mfuko wa nailoni. Juu ya mfuko, muhuri: IMEKAGULIWA.

"Usikitupe," akasema. "Halafu, nani amekifunga? Dada yangu anaolewa."

Ukumbini Amani nilimaliza kupamba saa nane na nusu. Kiti cheupe, mawaridi meupe, hakuna jani la mgomba hata moja. Salma alipoingia alisimama, akaziba mdomo kwa mkono, akasahau kutembea. Mama yake akamsukuma kidogo. Kisha watoto wakaja, mstari mzima, nguo zimepigwa pasi, wakainama mmoja mmoja kunusa. Nilisimama pembeni nikingoja sifa zangu.

"Mwalimu," akasema kasichana ka mbele, "mazuri. Lakini hayanukii."

Ndiyo. Kweli tupu. Mawaridi yanayokuzwa kwa ajili ya safari ni mazuri machoni tu. Miaka kumi na miwili nayajua hayo, na hakuna mteja aliyewahi kuniambia.

Nikafungua mfuko. Nikachukua kikuba, nikakifunga kwenye mkono wa kiti, katikati ya mawaridi. Yule mtoto akanusa tena, akafumba macho, akawaita wenzake. Nusu saa nzima watoto walikizunguka kiti kile kama nyuki. Watu wazima nao wakaja. Bibi mmoja aliniuliza kama nina vingine dukani. Nikajikuta nimejibu, "Kuanzia wiki ijayo." Sikuwa nimepanga. Lakini nimeshaandika: ndoo ya buluu, ya vikuba na asumini, inakaa mbele kabisa. Mawaridi yaendelee kuja kwa boti na vyeti vyake. Harufu tutaitoa uani.

Bi Zeyana alifika alasiri. Macho yake kwanza yalikwenda kifuani kwangu.

"Kikuba changu kiko wapi?"

"Kiko kwenye kiti cha bi harusi, mama."

Akatazama, akaona watoto, uso ukalainika. Kisha akaona mfuko mkononi mwangu. "Na huu muhuri?"

"Kimekaguliwa bandarini, mama."

"Na nani?"

"Serikali."

 Nikaanza kutafuta maneno ya kumwelezea habari ya konokono.

"Wakaonaje?" akauliza.

Nikamtazama mama yule, na kanga zake mpya, na pua yake juu.

"Wamekipitisha, mama."

Aliuchukua mfuko ule mkononi mwangu, akaukunjua, akaanza kuzunguka nao meza kwa meza. Ninapoandika haya ameubandika ukutani sebuleni, na ameniambia vikuba vya dukani hatoi hata kimoja mpaka vyote vipigwe muhuri. Nimempa sharti moja: kwanza vikung'utwe. Ameniuliza kwa nini. Nimesema ni utaratibu mpya. Amekubali, kwa serikali, si kwangu.

Kwa hiyo duka halifungwi, na Bi Zeyana msimwambie neno. Anayetaka kucheka na acheke, nishazoea tangu saa nne. Ila akija dukani kwangu, acheke amesimama wima. Asiiname juu ya maua.